Spoki Saba Ukutani

Karakana ya Baiskeli,
15 Mei

Mpwa wangu Rula,

Marahaba. Najibu kabisa kabla hujaniamkia, nisije nikasahau, maana kichwa changu leo kimejaa moshi. Mimi mzima. Mkono wangu bado unanyoosha rimu bila nyundo, na juzi nimefufua baiskeli iliyokanyagwa na lori. Mwenyewe alikuja analia. Nikamuuliza, "Na hilo lori linaendeleaje?" Watu walicheka mpaka mmoja akadondosha pampu.

Sasa nisikilize. Nimekasirika, na mimi nikikasirika hata gundi ya viraka haishiki.

Unamkumbuka Bwana Ghorofa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kabomoa kile kibanda chake, anataka kupandisha ghorofa nne, na chini aweke chumba cha kulaza magari. Tangu mwezi wa pili wanachimba. Shimo lenyewe, Rula, ukisimama ukingoni ukaita jina lako, linarudi likiwa na mvi. Na limekuja mpaka chini ya ukuta wetu, ule wa chumba cha cherehani cha mama yako.

Mwanzoni mwa Machi nikaona ufa. Mwembamba, unatoka pembe ya dirisha unashuka. Nikaenda kwa mnyapara wao, kijana mwenye kofia ya njano na kalamu sikioni. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kipara, akasema, "Mzee, wewe shughulika na pancha."

Pancha! Mimi niliyesoma mpaka darasa la sita na nusu, na ile nusu ndiyo iliyokuwa na akili! Mwalimu wa hesabu aliniomba mwenyewe nisirudi, alisema nawachosha wenzangu.

Basi nikaamua kupima. Spoki za baiskeli ninazo, na spoki haina uongo. Tarehe 3 Machi iliingia moja kwenye ufa, ikakaza. Tangu hapo kila asubuhi, kabla mama yako hajaanza kazi, napita kujaribu. Siku spoki nyingine ikiingia sambamba na zilizotangulia, naandika kwa chaki nyuma ya mlango wa karakana. Isipoingia siandiki. Niandike nini sasa, hewa? Jana imeingia ya tano. Jedwali langu hili hapa:

Moja.
Mbili.
Tatu.
Nne.
Tano.

Umeona? Kila nikiandika imeongezeka moja tu. Haijawahi kuruka. Mwendo wa gwaride. Kwa hiyo sina hofu na ukuta, nina hofu na heshima yangu. Wewe uko kwenye ofisi ya wapimaji wa majengo. Niandikie karatasi yenye maneno mazito, neno "kitaalamu" liwemo angalau mara tatu, nikambandike nayo yule kijana pale kwenye kofia.

Kwa mama yako usijali, nimeshaliweka sawa. Kile kioo kikubwa cha wateja nimekihamishia pale penye ufa, misumari miwili, mmoja kila upande. Chumba kimependeza. Ana kazi ya sare za shule, hana hata nafasi ya kugeuka.

Mjomba wako,
Injinia wa Magurudumu Mawili


20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi. Nimecheka hapo kwenye lori, nilipofika kwenye kioo nikaacha.

Karatasi ya maneno mazito sina ruhusa ya kuandika. Mimi hapa bado najifunza. Nashika ncha ya futi kamba, mwenzangu ndiye anayesoma namba.

Lakini moja, mbili, tatu, nne, tano siyo jedwali, Mjomba. Huko ni kuhesabu, hata mtoto wa chekechea anaweza. Jedwali la ufa lina safu mbili: ufa una upana gani, na ni siku gani. Bila siku sijui kama ukuta unatembea au unakimbia. Umenipa tarehe mbili tu, ya mwanzo na ya mwisho, basi nimefanya kinachowezekana. Kutoka 3 Machi mpaka 14 Mei ni siku sabini na mbili. Ufa umepanuka kwa spoki nne. Sabini na mbili gawanya kwa nne ni kumi na nane. Wastani wake ni spoki moja kila siku kumi na nane.

Siyo habari nzuri. Ila kwa mwendo huo ya sita itakuja mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo mna nafasi ya kumhamishia Mama ukumbini bila kuvunja kazi yake. Kwanza cherehani, halafu meza ya kukatia. Mwezi huu usiishe.

Na nitumie tarehe ya kila spoki. Kila moja, usiruke.

Halafu, "nimeliweka sawa" ndiyo kusema nini? Mama anajua kuna ufa, au hajui? Nijibu kwa neno moja.

Rula


Karakana,
26 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa na meno.

Chekechea? Mimi? Nani alikufundisha kupanda baiskeli? Nani alikubeba mgongoni kwenda hospitali ulipomeza kipande cha mnyororo wa baiskeli, nikakimbia mpaka tukaipita gari ya wagonjwa, dereva akatoa kichwa dirishani kuniuliza njia? Leo umepewa ncha ya futi kamba, mjomba kawa wa chekechea. Haya. Ahsante. Ng'ombe akinenepa husahau kamba.

Hata hivyo ile siku kumi na nane yako nimeipenda. Nilikwenda nayo kule shimoni. Nikasimama juu ya rundo la kifusi nikaisoma kwa sauti: "Kitaalamu! Spoki moja kila siku kumi na nane!" Lile trekta la kuchimbia likazimika lenyewe. Mnyapara akavua kofia. Alisema, "Siku kumi na nane ni nyingi, mzee, tutakuwa tumeshamwaga zege." Nikamwambia ole wako isipomwagwa. 

Tarehe zako hizi. Ukutani sikuandika siku, lakini mimi siku nazijua kwa kazi, kila baiskeli ina tarehe yake kichwani mwangu.

Spoki ya kwanza: 3 Machi, siku mnyororo uliponila kucha.
Ya pili: 27 Machi, siku tarishi alipoleta baiskeli haina breki, na yeye mwenyewe hana meno mawili.
Ya tatu: 17 Aprili, siku ya lile tandiko jekundu.
Ya nne: 2 Mei, siku mwenye duka la vipuri aliponiuzia mipira ya bandia nikamrudishia kwa kumvisha shingoni.
Ya tano: 14 Mei, unayo.
Ya sita: 21 Mei.
Ya saba: jana, 25 Mei.

Najua utapiga kelele kwamba ya sita ulisema Juni. Nimeshalichunguza hilo. Spoki nilizotumia safari hii ni za kile kifurushi kipya, nadhani ni nyembamba, vitu vya siku hizi havina mwili. Cha muhimu tazama safu yangu: moja, moja, moja, moja, moja, moja. Haijaongezeka mwendo hata chembe. Ukuta huu una nidhamu kuliko wewe.

Umeniuliza swali la neno moja. Mimi sijibu maswali ya polisi.

Mjomba wako aliyekubeba


Chumba cha kazi,
26 Mei

Mwanangu mpenzi,

Natumai kula unakula, maana nakujua ukiwa na kazi.

Mimi niko humu ndani tangu asubuhi mpaka mgongo unaniita. Sare za shule haziishi. Wasichana wangu wawili wanaojifunza wananisaidia vifungo, lakini pindo nashona mwenyewe. Na pindo ndizo zinanitia wazimu. Kila mtoto akivaa sketi akasimama kwenye kioo, mama yake anasema, "Fundi, pindo limepanda huku." Natazama, kweli, haliendi sawa na ukingo wa chini wa kioo. Nafumua. Nashona upya. Anarudi kwenye kioo, limepanda tena upande uleule. Wiki hii nimefumua sketi kumi na moja. Jana mama mmoja kanichukulia kitambaa chake akasema atampelekea fundi mwenye macho.

Sijawahi kuambiwa hivyo tangu nishike sindano.

Nimejaribu kumsimamisha mtoto mbali na kioo nikampima pindo kwa futi yangu. Sawasawa. Kwenye kioo, limepinda. Sasa ni jicho au ni mkono? Hata bobini ya uzi ikinidondoka naona inaviringika peke yake kwenda upande wa ukutani, nadhani ni kizunguzungu. Na mlango umeanza kukwama. Mjomba wako kaupiga randa mara mbili, anasema mbao zimevimba.

Yeye hajambo, anajisifu tu. Ila siku hizi kapata adabu ya ajabu, kila asubuhi anapita chumba cha kazi kunisalimia kabla hata sijafunua cherehani. Nikamuuliza umeota nini. Akasema, "Dada, undugu ni kufaana." Nikashangaa.

Ukija niletee miwani. Nadhani nimezeeka, mwanangu, na uzee umeanzia machoni.

Mama yako


31 Mei

Mjomba.

Barua zimefika mbili pamoja, yako na ya Mama. Ya Mama nimeisoma kwanza.

Sketi kumi na moja! Mama yangu amefumua sketi kumi na moja, ametukanwa na wateja, anaomba miwani, anadhani amezeeka, na wewe unasimama mlangoni na randa unamwambia mbao zimevimba! Msumari mmoja wa kioo umeshuka na ukuta, mwingine umebaki. Siyo pindo lililopinda. Wewe unajua. Kila asubuhi unaingia mle na spoki zako kama daktari wa kuhesabu mapigo, halafu unatoka unamwacha mgonjwa na mama yangu chumba kimoja.

Chukua chaki. Nenda nyuma ya mlango wako. Hizo tarehe zako za kucha na meno na matandiko ziandike upya, na katikati ya kila mbili andika siku zilizopita. Nakuandikia kabisa, usije ukanipigia hadithi:

Kutoka ya kwanza hadi ya pili, siku 24.
Hadi ya tatu, siku 21.
Hadi ya nne, 15.
Hadi ya tano, 12.
Hadi ya sita, 7.
Hadi ya saba, 4.

Unasema imeongezeka moja, moja, moja. Itaongezekaje zaidi ya moja, Mjomba, wakati wewe unasubiri mpaka ifike moja ndipo unaandika? Hukupima ufa, umepima subira yako. Kasi ni badiliko ukiligawanya kwa muda. Badiliko umelishika mkononi halisogei, ni spoki moja daima. Kinachosogea ni muda, na muda ndio ulioona huna haja ya kuuandika. Spoki moja kwa siku ishirini na nne ilikuwa ukuta unaotambaa. Spoki moja kwa siku nne ni mara sita ya hapo. Huo mwendo siyo wa gwaride. Askari wako wametupa bunduki wanakimbia.

Na mimi nimekukasirikia wewe, nikajikasirikia na mimi. Ile kumi na nane yangu ilikuwa wastani wa kitu ambacho hakina wastani. Niliuchanganya mwezi uliolala na wiki iliyoamka, nikakupa namba tamu, ukapanda nayo juu ya kifusi kuitangaza. Nilitakiwa nikatae kuhesabu mpaka uniletee tarehe zote. Sikukataa. Nilitaka nionekane najua.

Sasa sikia. Barua zako huchukua siku nne au tano kunifikia. Ulipoandika saba zilikuwa saba. Ninapoisoma siyo saba. Utakapoisoma hii sitaki kujua ni ngapi. Usiende kupima! Ukuta ukifika mwendo huu haupimwi, unakimbiwa.

Mtoe Mama leo. Usimalize hata kusoma. Na usinijibu kwa methali ya ufa na ukuta, nimeichoka tangu shule. Huo hauzibwi tena.

Ndani kuna karatasi ndogo iliyokunjwa. Ni ya Mama. Mpe mkononi, usiipitishe kwenye mdomo wako.

Rula

(karatasi iliyokunjwa)

Mama, jicho lako zima. Mkono wako mzima. Pindo zote kumi na moja zilikuwa sawa. Kilichopinda ni ukuta, na kioo kimewekwa hapo ili usiuone. Usikisogeze uangalie. Toka nje kwanza wewe na wasichana wako, halafu ukiwa barabarani mtukane Mjomba kwa ajili yangu. Cherehani iache.


Kwa fundi viatu, ninakoazima meza,
7 Juni

Rula,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeigeuza mbele na nyuma, nimeangalia hata ndani ya bahasha. Nilitaka kuichana. Mtu mzima nimeandikiwa "Mjomba" na nukta, kama jina la mbwa.

Ilifika tarehe 4, asubuhi, nikiwa na gurudumu la mtu mkononi. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye "subira yako" nikatukana mpaka mwenye gurudumu akasema atarudi kesho. Halafu nikachukua chaki. Siyo kwa sababu umesema. Nilitaka kukuonyesha umekosea kutoa. Nikaandika ishirini na nne. Nikaandika ishirini na moja. Nikashuka mpaka saba. Nilipoandika nne, nikaona chini yake nafasi tupu, na Rula, mimi siyo mtu wa kuogopa, nilishawahi kulala na chui kwenye kibanda kimoja na asubuhi chui ndiye aliyekuwa na macho mekundu, lakini ile nafasi tupu niliiogopa.

Tangu spoki ya saba nilikuwa sijapita. Mwenye duka la vipuri alinishitaki kwa ile mipira, nikashinda siku zote hizo barazani kwa mjumbe wa mtaa nikijitetea. Siku kumi sikupima. Hilo sikukuandikia.

Ukasema nisipime. Nilikwenda kupima. Mimi ni mimi. Mama yako alikuwa ameinama kwenye cherehani, wasichana wanabishana kuhusu vifungo. Nikapenyeza mkono nyuma ya kioo. Nikaweka spoki nane. Tisa. Kumi. Ya kumi na moja haikugusa kitu. Ilipita. Nikaisikia inalia ting, ting, ting, inashuka upande wa pili mpaka chini shimoni.

Nikasema, "Dada, tokeni nje." Akasema, "Nina sare." Nikasema, "Dada, ukuta." Akasema, "Ukuta umefanya nini, umevimba na wenyewe?" Nikampa karatasi yako. Akaisoma. Akatazama kioo. Akatazama lile rundo la sketi alizofumua. Nilidhani ataogopa, kumbe sijui dada yangu. Aliwapungia wasichana watoke, yeye akabaki, akaanza kukusanya sare moja moja, anazikunja! Anazikunja, Rula, kwa mikunjo! Na mdomo unanishambulia bila kituo, mwongo mkubwa wewe, umenifanya kipofu mbele za watu.

 Basi nikafanya kitu ambacho ungefanya ungekuwa na mabega. Nilikamata cherehani yake, ile aliyoachiwa na marehemu bibi yako, ambayo hata kuifuta vumbi haniruhusu, nikaing'oa mezani na uzi wake na sketi ya mtu ikining'inia kwenye sindano, nikakimbia nayo nje. Akanifukuza na mkasi. Alinifukuza mpaka ng'ambo ya barabara. Watu wakadhani ndugu wameuana.

Sikusikia kishindo kwanza. Nilisikia matusi ya dada yangu yakikatika katikati. Nikageuka. Ukuta ulikwenda kule shimoni wote, taratibu, kama mtu anayekaa kitini, na bati likaja chini ndani ya chumba, pale kwenye kiti chake.

Kule shimoni walikuwa wamekwenda kunywa chai. Hakuna aliyeumia. Mnyapara amekuja amevua kofia, safari hii ni kweli, mashahidi wapo. Kuchimba kumesimamishwa na sisi tumelala kwa fundi viatu.

Mtaani wanasema nilimtoa kwa mbinu. Sijawakatalia. Ungenitaka nimwambie nini tangu mwanzo, mwanamke mwenye kazi ya shule nzima shingoni? Kwamba jirani kanidharau na sina la kumfanya? Haya, sasa anajua. Anaketi pale na cherehani mapajani, hanitazami.

Hukuweka shikamoo.

Mjomba


Kwa fundi viatu,
22 Juni

Rula,

Hujanijibu. Sawa. Mimi nakuandikia kwa shughuli tu, nataka hesabu.

Mama yako hasemi na mimi. Anasema na fundi viatu, anasema na wasichana wake, anasema na paka wa watu. Akitaka chumvi iliyo mbele yangu anazunguka meza. Nimetengeneza jedwali, na safari hii nimeandika mpaka siku ambazo hakuna kilichoingia, usije ukaniita chekechea. Safu ya kwanza ni siku, ya pili ni maneno aliyonipa siku hiyo. Nimekuchagulia baadhi, mengine yote yapo nyuma ya mlango wa fundi viatu.

4 Juni: siyahesabu, yalikuwa ya mkasi.
5 Juni: sifuri.
9 Juni: sifuri.
13 Juni: moja. "Sogea."
17 Juni: matatu. "Sogea na huko."
19 Juni: sifuri.
21 Juni: matano. "Kama umeivunja cherehani yangu nitakuua."

Haijavunjika. Nimeikagua, imelegea skrubu moja tu, nimeikaza usiku wa siku ileile asijue. Usimwambie. Au mwambie, sijui, nimechoka kuamua nani ajue nini.

Nipigie kasi. Lini atanisalimia?

Mjomba


27 Juni

Mjomba, shikamoo.

Usifurahi. Bado nimekukasirikia, na kila nikifumba macho naona kile kiti. Shikamoo hii nimeamrishwa.

Kasi siwezi kukupa. Ukiniuliza kutoka 17 hadi 21 nitasema inapanda. Ukiniuliza kutoka 17 hadi 19 nitasema imerudi sifuri. Nilishakupa namba ya haraka mara moja, sikupi nyingine. Endelea kupima kila siku, nitumie zote, siyo za kuchagua. Na ile ya skrubu mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, bila chui.

Barua ya Mama ilifika jana. Miwani haitaki tena. Yule mama wa kitambaa amerudi na kitambaa chake, kaomba radhi, Mama kamwambia akae foleni. Mwishoni ameandika hivi, naunakili bila kugusa kitu: "Mwamkie mjomba wako, mjinga yule."

Ni maneno matano. Hakukupa wewe, amenipa mimi nikupe, lakini yaandike kwenye jedwali. Tarehe weka 22 Juni, ndiyo siku aliyoandika. Siku ile ile uliyokuwa unaniuliza lini.

Rula